Harufu ya Pilau ya Jirani



Kama umri wetu unakaribiana, unazikumbuka betri za kuanika juani. Nyumbani kwetu zilipangwa juu ya bati la jiko, nne, kando ya mihogo iliyomenywa. Asubuhi zinapandishwa, jioni zinashushwa zikiwa za moto, na redio inapata sauti ya kutufikisha kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku na matangazo ya vifo. Mpira wa Jumapili ulikuwa bahati nasibu. Mara nyingi sauti ilififia kipindi cha pili, tukalala hatujui nani kashinda. Wenzetu wa upande wa Kenya huziita mawe, na kijijini kwetu walikuwapo walioziuma kwa meno, eti nguvu iliyojificha ndani itoke.

Siku moja, redio ikiwa imezimika mpira umekolea, nilimuuliza mjomba: kama sauti inatoka Dar es Salaam kwa hewani, bila waya, kwa nini na nguvu ya betri isije kwa njia hiyohiyo? Mjomba alicheka mpaka akapaliwa na chai. Ukubwani nikaja kufahamu kwamba swali lile lilikwisha kumla pesa nyingi tajiri mmoja wa New York, miaka mingi kabla mjomba hajazaliwa.

Aliyemla pesa hizo ni Nikola Tesla, mzaliwa wa Smiljan, kijiji ambacho leo kiko Croatia. Mwaka 1899 alijenga maabara huko Colorado Springs, Marekani, akawa anatengeneza radi kama wewe unavyowasha kiberiti. Ipo picha maarufu inayozungushwa sana kwenye simu: Tesla amekaa kitini, kitabu mkononi, radi zinapasuka juu ya kichwa chake, naye hana habari. Picha ile ni mbili zilizopigwa juu ya bamba moja. Kwanza ilipigwa radi, halafu akapigwa bwana na kitabu chake. Radi ilikuwa ya kweli, ila utulivu ule ulikuwa wa studio.

Mwaka 1901 akaanza kusimamisha mnara mahali paitwapo Wardenclyffe, katika kisiwa cha Long Island. Mnara wa mita 57, kichwani una kuba kama uyoga. Fedha, dola 150,000, alitoa J. P. Morgan, mwenye benki. Walichokubaliana ni mawasiliano, yaani kupeleka habari ng'ambo ya Atlantiki bila waya. Moyoni Tesla alikuwa na lake: kupeleka umeme wenyewe kupitia ardhini, ili mtu popote duniani achomeke chuma chake awashe taa.

Desemba 12 ya mwaka uleule, Guglielmo Marconi alikuwa amekaa juu ya kilima huko St. John's, Newfoundland, na waya wake umepandishwa angani kwa tiara, hii hii tiara ya watoto. Akasema amesikia nukta tatu, yaani herufi S, kutoka mtambo wa Poldhu, kule Cornwall, Uingereza. Wapo wataalamu wanaotilia shaka hadi leo kama alizisikia kweli au alisikia mkwaruzo wa anga. Lakini muda si mrefu habari zilikuwa zinavuka bahari bila waya, tena kwa mitambo rahisi kuliko wa Tesla. Morgan akafunga mkoba. Mnara ulivunjwa mwaka 1917, kwa deni la hoteli aliyokuwa akiishi Tesla. Mwenyewe alifariki Januari 1943, peke yake, katika chumba cha hoteli nyingine, New York.

Sasa hapa ndipo wapiga soga wanapopapenda. Utaambiwa kwamba Morgan aliua umeme wa bure kwa sababu hakuona pa kufunga mita. Hadithi tamu, na ina bepari mwenye sharubu ndani yake. Mimi siikubali, na kinachonizuia si mapenzi kwa matajiri, ni hesabu.

Tuipige pamoja. Chukua mtambo wa kurushia matangazo wenye nguvu ya kilowati 100. Ungepitisha nguvu hiyo kwenye waya, ungewasha balbu 20,000 za wati 5. Sasa iachie hewani. Tuseme mawimbi yanatanuka sawasawa pande zote juu ya ardhi, kama kawa lililofunika sahani, na kawa lenyewe linazidi kupanuka. Likifika kilomita 50, kila mita moja ya mraba inapata kama sehemu sita za milioni za wati moja. Ili uwashe balbu yako moja ya wati 5, itabidi ukinge mawimbi hayo katika eneo la hekta zaidi ya 70. Hivyo ni viwanja vya mpira zaidi ya 100, na usipoteze hata tone. Kwa balbu moja! Na jirani naye akatafute viwanja vyake.

Tesla angebisha hapa. Angesema yeye hakutegemea kawa linalotanuka, alitegemea ardhi nzima iitikie kama ngoma inavyoitikia mkono. Sawa. Ila hakuna aliyewahi kuionyesha dunia hiyo ngoma ikiitika.

Nadhani jambo hili mama zetu wanalijua bila hesabu. Jirani akipika pilau, harufu inafika mtaa mzima. Kwa pua yako unajua kuna shughuli, unajua ni nyama ya mbuzi, unajua binzari imekaangwa ikakolea. Habari zote zimefika. Lakini hakuna aliyewahi kushiba harufu. Wimbi la redio ni vivyo hivyo. Limebeba habari na limebeba nguvu katika safari moja, haliwezi kuviacha kimojawapo nyumbani. Tofauti iko kwa mpokeaji. Anayetaka kujua anatosheka na harufu, na anayetaka kula anataka sahani.

Na harufu hiyo, msikilizaji, usiidharau, maana watu wamekufa kwa ajili yake katika ardhi yetu hii.

Uingereza ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia, Agosti 1914, Waingereza walikuwa wameshika nyaya za simu za chini ya bahari. Waya wao ulikuwa umefika Unguja tangu 1879. Jambo la kwanza walilofanya ni kukata nyaya za Wajerumani baharini. Kuanzia hapo koloni la Kijerumani la huku kwetu lilibaki na kinywa kimoja tu, minara ya simu ya upepo, yaani simu isiyo na waya. Jina hilo, simu ya upepo, sijui nani alilibuni, lakini alikuwa mtu mwenye masikio. Agosti 8, vita yao haijatimiza hata wiki, manowari ya HMS Astraea ikatia nanga mbele ya Dar es Salaam na kuelekeza mizinga kwenye kituo cha simu ya upepo. Mwaka uliofuata, Juni 1915, Waingereza wakajaza askari kwenye meli za ziwani kutoka Kisumu, wakavuka Nyanza mpaka Bukoba. Walipigana Juni 22 na 23, mji ukatekwa na kuporwa, kisha wakapanda meli wakarudi walikotoka. Shabaha kuu ya safari yote ile ilikuwa mnara. Waliulipua.

Lakini kisa kinachonivutia kupita vyote ni cha Zeppelin. Novemba 1917, jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amebanwa kusini, upande wa nyanda za Wamakonde, risasi na dawa vikimwishia. Wajerumani wakatoa puto refu la mita 226, jina lake L59, wakalijaza shehena ya tani kama 15 na kulirusha kutoka Jamboli, Bulgaria, lije mpaka huku. Halikukusudiwa kurudi. Likishatua, ngozi yake ingeshonwa mahema, na mifupa yake ingetafutiwa kazi nyingine. Likavuka bahari ya Mediterania, likaingia Misri, likapita jangwa mchana kwa jua na usiku kwa baridi. Lilipofika Sudan, magharibi ya Khartoum, likapokea ujumbe wa simu ya upepo kutoka Ujerumani: rudini, huko mnakokwenda hakuna pa kutua tena. Nahodha Ludwig Bockholt akageuza. Lilitua Jamboli baada ya saa 95 angani, limekwenda zaidi ya kilomita 6,700 bila kushuka. Siku hiyohiyo, Novemba 25, Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Nguvu iliyogusa antena ya puto lile isingechemsha hata kijiko cha maji. Ila iliwageuza watu na tani zao zote za shehena, wakarudi kwao.

Nisiwadanganye lakini. Zamani hata habari ilitaka gunia zima. Kule Grimeton, Sweden, kuna mtambo uliokamilika mwaka 1924, minara sita ya mita 127 kila mmoja, na ndani yake gurudumu la chuma linalozunguka kwa kasi kutengeneza mawimbi. Nguvu yake ilikuwa kilowati 200, kazi yake ilikuwa kupeleka nukta na mistari Marekani. Ungali mzima, UNESCO imeutia katika urithi wa dunia tangu 2004, na mkesha wa Krismasi huamshwa ukatuma salamu.  Masikio nayo yakazidi kuwa makali, kwanza kwa vali za kioo, halafu kwa transista, iliyobuniwa mwishoni mwa 1947. Kutoka hapo mwenye redio alisikia mnong'ono ambao babu yake asingeusikia kabisa. Betri zetu juu ya bati zilikuwa chakula cha transista hizo.

Masikio yalizidi kunoleka. Kwa miaka 50, kutoka 1965 hadi 2015, mitambo ya redio ya Ujerumani, Deutsche Welle, iliyokuwa Kigali ilipiga kelele za mawimbi mafupi ili zifike mbali. Leo ipo setilaiti ya GPS iliyo kilomita 20,000 juu, nguvu yake ya kurusha ni ya balbu za nyumba moja, na kinachoifikia simu yako mfukoni hakifiki hata sehemu moja ya trilioni ya wati. Simu inakisikia, inapiga hesabu, inakwambia umepita njia ya kuingia Kariakoo.

Sasa nirudi kwenye swali nililochekewa na mjomba, maana mjomba hakuwa sahihi moja kwa moja.

Redio za mwanzo kabisa za majumbani hazikuwa na betri. Ilikuwepo ya kipande cha jiwe, galena, lenye waya mwembamba unaoligusa, antena ndefu nje ya dirisha na kisikilizio cha sikioni. Basi. Nguvu yote iliyotikisa kisikilizio kile ilitoka kituoni kwa hewani. Mwenye nyumba alikuwa akisikiliza muziki kwa umeme wa mtangazaji! Katika Vita vya Pili askari waliiga redio hiyo kwa wembe na kipande cha penseli, wakasikiliza wakiwa handakini. Kwa hiyo nguvu inakuja kweli. Inakuja kwa punje.

Punje hizo alizitumia vizuri mtu mmoja wa Kirusi, Leon Theremin. Agosti 1945 watoto wa shule wa Kisovyeti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Kazi nzuri, akaitundika ofisini nyumbani kwake. Ndani yake mlikuwa na kifaa kisicho na betri wala waya, utando mwembamba na kijiti cha antena. Nje ya nyumba majasusi walielekeza mawimbi ya redio kwenye ukuta, kifaa kikaamka kwa nguvu ya mawimbi hayo na kuyarudisha yakiwa yamebeba mazungumzo ya balozi. Wakiyazima, kinalala, na ni vigumu sana kwa mkaguzi kukigundua. Kilikaa ukutani hadi 1952, mabalozi wakibadilishana kiti chini yake.

Mjukuu wa kifaa hicho unaye wewe, pengine mkobani sasa hivi. Pasipoti yetu ya kielektroniki ya Afrika Mashariki ina chipu ndani, nayo haina betri. Ofisa wa uhamiaji anapoiweka juu ya kisomeo, kisomeo kinatoa mawimbi, chipu inaamka, inakula, inajibu ilichoulizwa, inalala. Kadi ya benki ya kugusisha ni ukoo huohuo. Tesla alihangaika kukuza sahani. Waliokuja baada yake wakamtafuta mlaji mwenye tumbo dogo kama la sisimizi, na huyo harufu inamshibisha, mradi akae karibu na jungu.

Karibu ndiyo kanuni. Chaja zisizo na waya, za kulaza simu juu ya kisahani, ni transfoma iliyopasuliwa vipande viwili, koili moja kwenye kisahani na nyingine mgongoni mwa simu, jambo aliloligundua Michael Faraday mwaka 1831. Ikisogea kidogo tu usiku, asubuhi unaikuta haina kitu. Mwaka 2007 watafiti wa chuo cha MIT waliwasha balbu ya wati 60 umbali wa mita 2 kwa koili zilizolinganishwa mlio. Magazeti yakawashangilia, na watafiti hao walistahili, ila zaidi ya nusu ya umeme ilipotelea njiani.

Njia nyingine ni kuacha kawa na kushika tochi, yaani kuyabana mawimbi yaende upande mmoja. Mwaka 1975, huko Goldstone, jangwani California, William Brown na wenzake walielekeza mawimbi kutoka dishi kubwa hadi kwenye pazia la antena lililokuwa umbali wa kilomita moja na nusu na kidogo, wakapata zaidi ya kilowati 30. Miaka 50 baadaye, 2025, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, DARPA, ulipeleka wati zaidi ya 800 kwa mwanga wa leza umbali wa kilomita 8.6, kwa sekunde 30, na sehemu ya nguvu hiyo wakaitumia kukaangia bisi. Kwa askari aliyekwama mlimani, au ndege isiyo na rubani inayotaka chaji angani, naona faida. Kwa nyumba yangu na yako sioni, na mafundi wetu wa kupanda nguzo wasiwe na wasiwasi na kibarua chao.

Kama kuna mahali ambapo ndoto ya mnara ule wa Long Island imetimia, neno na umeme kwa pamoja bila waya, basi ni nyuma ya sikio la mtoto.

Kuna kifaa kinachopandikizwa kwa mtoto aliyezaliwa bila kusikia, ambaye mashine ya kawaida ya kukuza sauti haimsaidii. Kina sehemu mbili. Ya nje ina maikrofoni, kichakataji kidogo na betri, pamoja na koili ya duara inayoshikwa kichwani kwa sumaku. Ya ndani imewekwa na daktari chini ya ngozi, na uzi wake wa elektrodi umeingia mpaka kwenye sehemu ya sikio la ndani iliyojipinda kama konokono. Kati ya hizo mbili hakuna waya, wala tundu. Koili ya nje inarusha, ya ndani inapokea, milimita chache za ngozi zikiwa katikati. Wimbi moja linaingia na nguvu ya kukiendesha kifaa cha ndani, na wimbi hilohilo limebeba sauti ya mama. Ile ya ndani haina betri yoyote. Usiku mtoto akivuliwa koili, kinazimika kimya, na asubuhi akivishwa kinaamka.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huo mwaka 2017. Kabla ya hapo mgonjwa alipelekwa nje ya nchi.

Upasuaji huu hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa mdogo, kabla ubongo haujazoea kimya. Kwa hiyo wewe mwenye mtoto ambaye sufuria ikianguka nyuma yake hashtuki, au ametimiza mwaka na hageuki ukimwita, usisubiri uambiwe kwamba atachelewa tu kusema kama baba yake. Mpeleke akapimwe masikio wiki hii.